Wafanyakazi wamepoa, bajeti ya kuwapongeza ipo. Niitumieje? (hoteli, Moshi)

MezaYaMbele

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Mi ni supavaiza kwenye hoteli moja ya kawaida tu hapa Moshi mjini, wageni wetu wengi ni wapanda mlima wanaolala kabla ya kwenda getini na usiku ule wakishuka, wengine watu wa semina, na Disemba tunajaa wenyeji wanaorudi kula Krismasi ila nyumba ya kijijini haiwatoshi wote. Wafanyakazi hatufiki 20 ukijumlisha jikoni, vyumba, dobi, mapokezi, walinzi na kijana wa bustani.

Shida yenyewe ni kwamba watu wanafanya kazi ila wamepoa. Hakuna mgomo, hakuna anayejibu vibaya, wanawahi, lakini mtu anafanya kile alichoambiwa basi. Taa ya korido ikiungua watapita chini yake wiki nzima mpaka mi niione. Kwenye kikao cha Jumatatu nauliza kuna jambo lolote, kimya, wote wanaangalia sakafu, alafu kikao kikiisha nawakuta nyuma kwenye kamba za mashuka wanaongea kwelikweli. Na wazuri wanaondoka. Mpishi wetu mmoja na dada wa mapokezi wamehamia loji za Karatu, yule dada nilimpigia kumsalimia nikamuuliza kama kilichompeleka ni mshahara, akasema mshahara umezidi kidogo sana ila huko ofu zake anazijua mwezi mzima kabla.

Sasa mwenye hoteli, mama mmoja mstaarabu tu, ametenga hela kidogo ya kuwapongeza wafanyakazi na ameniachia nipendekeze. Kichwani nina vitu vitatu: sherehe ya mbuzi na vinywaji Jumapili moja, au mfanyakazi bora wa mwezi, picha inawekwa pale mapokezi na bahasha juu, au tuwashonee sare mpya na fulana za hoteli. Nyie mmefanya nini kikasaidia? Nataka kitu ambacho mtu atakihisi hata mwezi wa tano mvua inanyesha na vyumba vitupu. Hawa watu nawapenda na nimekaa nao muda mrefu, sitaki waione hii kazi kama sehemu ya kusubiria kazi nyingine.

Mtandika_Vitanda

Dada nimesoma nikaona nijibu maana mi niko upande wa pili, ni mhudumu wa vyumba hapa Arusha, maeneo ya Sakina.

Sherehe tunakula na tunashukuru, ila Jumatatu yake chumba ni kilekile. Ngoja nikuambie kazi ilivyo labda itakusaidia. Mgeni ameshuka mlimani kwa njia ya Mweka, huko juu alikanyaga vumbi jeusi na msituni kakanyaga tope, vyote anaingia navyo chumbani. Anaoga, lile vumbi linabaki kwenye maungio ya vigae, taulo nyeupe inakuwa ya kahawia, buti kaziosha kwenye sinki la kunawia uso na maji hayateremki tena. Unapiga magoti unasugua mstari kwa mstari na brashi ndogo kwa sababu mgeni mwingine anaingia saa nane. Yule wa kwanza wakati anaondoka ana furaha, anafika mapokezi anatoa noti anasema hii ni ya timu nzima asanteni sana. Hiyo noti sisi wa vyumba tunaisikia tu kwa mlinzi. Sisemi mwenzetu wa mapokezi ni mwizi, hapana, hakuna utaratibu wowote aliopewa, anagawana na weita aliyekuwepo pale imeisha hiyo. Dobi hajui hata kama kuna hela ilikuja. Ukitaka kujua wanaongea nini kwenye kamba za mashuka anza na tipu.

Jambo la pili halina gharama. Tuliwahi kuwa na meneja mmoja, mgeni akisifia usafi kule mtandaoni yule mama anapanda na simu yake ghorofani, anakutafuta mpaka chumba ulichomo, anakusomea na kukutafsiria, anakuambia huyu alilala chumba fulani tarehe fulani, kwahiyo anakusema wewe. Dakika mbili tu kashashuka. Mimi nilikuwa nafanya kile chumba mpaka nyuma ya mlango ambako hakuna mtu anaangalia. "Hongereni wote" ya kwenye kikao haina shida ila kila mtu anajua hapo ndani yupo na yule aliyelala londri mchana kutwa.

Na kuhusu taa ya korido, kwetu kwa muda mrefu anayetoa taarifa ndio huyohuyo anaambiwa akaitafute ngazi, akimaliza anaulizwa nani kaiunguza. Sasa nani atasema?

DerevaWaPori

Wakuu mi naomba nitetee kidogo cheti cha mfanyakazi bora kabla hakijatupwa. Mwaka 2024 Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika hapa Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nilienda kuangalia yale maandamano, watu wamevaa fulana za ofisi zao wanapita na mabango, wana raha usoni. Jirani yangu Moshono ana cheti cha mfanyakazi hodari cha miaka mingi iliyopita, kimetiwa fremu kiko sebuleni juu ya tv, ukifika kwake unaonyeshwa cheti kabla hujaletewa chai. Kwahiyo tusiseme heshima ya karatasi haina maana, ina maana sana.

Ila iwe ya mwaka, isiwe ya mwezi. Nyie hamfiki 20, ukigawa kila mwezi baada ya mwaka na nusu kila mtu kashapata, inakuwa zamu kama ya kufagia, alafu yule wa mwisho kupata anajua kabisa kwamba alikuwa wa mwisho. Na picha pale mapokezi mi siitaki, majungu yataanzia hapo. Wafanyakazi wapige kura ya siri wenyewe, kila mmoja aandike jina na jambo alilomuona huyo mwenzake akilifanya, na siku ya kutoa cheti zile sababu zisomwe kwa sauti. Utashangaa atakayetajwa, mara nyingi ni mtu ambaye bosi hamjui vizuri.

Kwenye tipu dada wa Sakina kaongea ukweli mtupu. Mi kabla ya kuendesha gari nilibeba mizigo mlimani, nilianza na wagumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa. Safari iliyokuwa na utaratibu mzuri, siku ya mwisho wageni wanakusanya tipu, mwongozaji mkuu anasimama na karatasi, kiasi kinatajwa mbele ya watu wote, mpishi kiasi fulani, wasaidizi kiasi fulani, kila mpagazi kiasi fulani, mgeni mwenyewe anasikia na sisi tunasikia. Wale wa KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wapo Moshi hapohapo tangu 2003 wanatetea wapagazi, hilo ndilo wanalolisisitiza kila siku, tipu iwe wazi mpagazi ajue mgeni alimpa nini. Kwenye safari ambayo tipu inapitia mfukoni mwa mtu mmoja unakuta watu wamenuna mpaka kwenye gari la kurudi, hata kama kiasi kilikuwa kizuri. Nimeziona zote mbili, na uzito wa kubeba ni uleule, kilo 20 za mgeni na begi lako juu.

Utumishi_Njiro

Habari. Nimefanya kazi za utumishi muda mrefu, viwandani na kwenye mashamba ya maua huku Usa River, sasa niko Njiro. Naomba kabla ya mbuzi na cheti uangalie kwanza stahiki, maana pongezi ikimkuta mtu anadai inamuudhi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Saa 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu ambayo inalipwa mara moja na nusu. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, hapo ni mlinzi wako na mtu wa mapokezi wa usiku, na hili hoteli nyingi ndogo hawalijui kabisa. Sikukuu ya kitaifa akiingia kazini ni mara mbili. Likizo ya mwaka siku 28 na malipo yake. Na maelezo ya ajira yawe kwa maandishi, mtu ajue cheo chake, kituo chake, saa zake na mshahara wake. Kama vyote hivyo viko sawa hapo kwenu basi uko mbele ya wengi, hongera kwa mama mwenye hoteli.

Ukishavuka hapo ndio swali lako linaanza. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 wa eneo la Pittsburgh, wakawauliza ni lini mtu alijisikia vizuri sana kazini na ni lini alijisikia vibaya sana. Wakakuta kwamba mambo yanayomuudhi mtu ni mengine na yanayomwinua ni mengine. Yaliyoudhi sana ni taratibu mbovu za kampuni, usimamizi, mshahara, mazingira. Yaliyoinua ni kukamilisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukabidhiwa dhamana. Wataalamu wamebishana naye sana baadaye, ila mimi kwenye kazi hii nimeuona huo mgawanyo kwa macho. Ratiba isiyoeleweka haifutiki kwa nyama choma. Na ratiba ikishakuwa nzuri mtu ataacha kunung'unika lakini haitamfanya abadilishe taa ya korido. Taa inabadilishwa na mtu aliyekabidhiwa korido.

Kwahiyo fanya hivi. Weka daftari la matengenezo mapokezi, mtu aandike alichoona, tarehe na jina lake, na pembeni wewe uandike tarehe kilipotengenezwa. Alafu acha hela ndogo ya matumizi kwa kiongozi wa vyumba, ya taa, betri, koki ya bomba, anunue bila kukuuliza alete risiti. Hela yenyewe ni ndogo lakini umempa dhamana, na kile kitendo cha kuona jina lake kwenye daftari na jambo lake limefanyiwa kazi kesho yake kitamfanya aandike tena. Kwenye kikao cha Jumatatu usiulize kuna jambo lolote, fungua daftari usome yaliyoandikwa wiki iliyopita na majina ya walioyaona.

MamaKantini

Mi sijasoma utumishi ila nina kantini Pasua na wasichana wangu wananikalia miaka, kwahiyo na mimi nichangie.

Swali la kwanza, shifti yako ya jioni inatoka saa ngapi? Kama weita anamaliza saa nne au saa tano usiku na anaishi Rau au Kiboriloni hiace muda huo ni za kubahatisha, anapanda boda kwa hela yake, piga hesabu kwa mwezi inakula kiasi gani cha mshahara. Na ni binti, gizani. Hiyo hela ya mbuzi ungetafuta boda mmoja au wawili mnaowafahamu, wana vitambulisho vya kijiwe chao, hoteli inawalipa mwisho wa wiki wanawafikisha watu mpaka mlangoni. Mzazi wa yule binti ndio atakayemzuia asiende Karatu, nakuambia.

La pili ni misiba. Sheria najua inatoa siku nne za kuuguza au kufiwa na mtoto, kufiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, ndugu wa tumbo moja. Mjomba hayumo, mama mdogo hayumo. Sasa huku kwetu mama mdogo ndio aliyekulea mama alivyoenda kutafuta maisha, utamwambia mtu sheria haimtaji? Msichana wangu alifiwa na mama yake mdogo Tarakea, nilifunga kantini mchana mmoja tukakodi hiace tukapanda wote, tumebeba mchele na sukari na rambirambi kwenye bahasha yenye majina yetu. Tulikaa kidogo tu tukateremka. Mpaka leo wazee wa ile familia wakishuka Moshi wanakuja kunisalimia, na yule binti sijawahi kumkumbusha kazi. Meneja ambaye anatuma pole kwenye grupu la WhatsApp na ofisi iko nusu saa kutoka msibani, watu wanaona na hawasahau.

Mwalimu wa Njiro amesema vizuri kuhusu stahiki. Ila shukrani iwe pia kwa familia, mtoto wa mfanyakazi akifaulu la saba muulize habari zake, mnunulie hata madaftari.

MezaYaMbele

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na mengine nimeandika pembeni.

Stahiki za msingi ziko sawa isipokuwa hiyo asilimia 5 ya usiku, hiyo ntaipeleka kwa mama kesho asubuhi. Boda naweza, wapo vijana wa kijiwe cha hapo nje tunaofahamiana nao. Daftari naanza wiki hii. Ratiba nimeamua ntatoa ya mwezi mzima tarehe 25 ya mwezi unaotangulia, mtu akitaka kubadilishana na mwenzake wakubaliane waniandikie.

Naomba msaada kwenye mambo mawili. Tipu zigawanywe vipi, sawa kwa sawa au kwa vyeo? Na Disemba, hapo ndipo panaponiumiza kichwa kila mwaka, wote wanataka kwenda Rombo, Kibosho, Machame, na hoteli ndio imejaa mpaka vyumba vya akiba.

Mzee wa Kiboriloni

Binti yangu, mimi ni mstaafu, nilisimamia watu kiwandani hapa Moshi kwa muda mrefu. Disemba usiingoje Disemba. Sisi tulikuwa tunakaa Oktoba, wafanyakazi wote, tunaweka makundi mawili, moja linakwenda Krismasi linarudi kabla ya Mwaka Mpya, jingine linaingia Krismasi linakwenda Mwaka Mpya, na mwakani wanabadilishana. Imeandikwa ukutani na kila mtu ametia sahihi. Waislamu walioko huwa wanawabebea wenzao zamu ya Krismasi kwa moyo kabisa, na Wakristo wanawabebea Idd, ila waulize, usiwapangie tu kwa kuangalia majina yao, hapo utamkosea mtu. Anayebaki Krismasi mlipe mara mbili kama mwalimu wa Njiro alivyosema, tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, na mpe kilo mbili tatu za nyama azipeleke nyumbani mapema watoto wale. Mzee wa nyumba akiona nyama imefika hawezi kulaumu kijana hajaja.

Likizo ndefu zipeleke Aprili na Mei wageni wakipungua, ila waambie mwezi wa kwanza. Mtu akipewa likizo kwa kushtukizwa kwa sababu vyumba ni vitupu ataona amefukuzwa kwa muda.

DerevaWaPori

Shikamoo mzee, hiyo ya Oktoba nimeipenda.

Tipu mi nasema kwa vyeo, ndio mlimani ilivyo, mwongozaji ana dhamana ya uhai wa mgeni hawezi kulingana na aliyebeba viti. Hotelini pia anayesimama mbele ya mgeni anayeongea lugha ana kitu chake.

Mtandika_Vitanda

Kaka hapo nakukatalia kwa heshima. Mlimani mgeni anamuona mpagazi, mpagazi anamuimbia mgeni siku ya mwisho, anapewa mkono. Dobi nani anamuona? Cheo kimeshalipwa kwenye mshahara, tipu ya "timu nzima" mgeni kaisema timu nzima, igawanywe kwa siku mtu alizoingia kazini mwezi huo, aliyeingia siku nyingi apate nyingi, awe mlinzi awe mpishi. Mgeni akimpa mtu mkononi kwa jina lake hiyo ni yake, isiguswe, usije ukaanza kuwapekua watu mifuko.

Dada, sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja wako na mwingine wa mtu wa nyuma, wa jikoni au dobi, wamchague wao. Mnafungua tarehe moja kila mwezi, mnahesabu mezani mchana wote wakiwepo, shifti ya usiku inatuma mwakilishi, jumla inaandikwa kwenye karatasi inabandikwa jikoni. Mwezi wa tano sanduku likiwa na hela kidogo fungueni hivyohivyo muhesabu.

MezaYaMbele

Nimechukua ya Mtandika_Vitanda, kwa siku za kuingia kazini. Mama amekubali sanduku, alikuwa na wasiwasi wageni wataona tunaomba hela, tumekubaliana likae pembeni ya kaunta na maandishi madogo kwamba ni la wafanyakazi wote wakiwemo wa jikoni na usafi. Fundi mmoja wa mtaa wa Majengo analitengeneza, kufuli mbili. Cheti tutafanya cha mwaka kwa kura, Disemba mwanzoni kabla watu hawajapanda nyumbani. Hela ya mbuzi imeenda kwenye boda wa usiku.